Mahamali

Baba alianza kwa kuangusha kikombe.
Cha kwanza tukacheka.
Cha pili mama akasema kilikuwa na ufa tangu zamani.
Cha tatu akaviokota mwenyewe, vipande vyote,
akavifunga ndani ya gazeti,
na hakuna aliyesema kitu.

Shaame Kombo, beji namba kumi na saba,
hamali wa gati la Mkoani miaka thelathini na moja:
gunia la mchele begani, la pili juu yake,
ngata ya kanga kuukuu shingoni,
ubao wa kushukia unanesa, yeye hanesi.
Leo kifungo cha shati kinamshinda.

Chini ya ngozi ya mkono nyama inacheza,
usiku kucha, kama dagaa kwenye ndoo.
Mama anasema ni jicho la mtu.
Bi Mwanakombo ameleta kombe,
zafarani haijakauka sahanini.
Baba ananywa.
Mimi, na koti langu jeupe la maabara,
ndiye ninayemshikia sahani.

Daktari wa Unguja aliniambia mimi tu, kwenye korido.
Nikasoma usiku kwa mwanga wa simu,
umeme unakatika, unarudi, unakatika.
Asubuhi nikakaa kitandani kwake.

Ubongoni, baba, nako kuna gati.
Neva ikitaka kusema na jirani yake
hushusha shehena, glutamati,
chembe ndogo, kali: *inuka. Shika. Meza.*
Neno likishafika, shehena iondolewe.
Isilale gatini.
Kando yake zipo seli zenye umbo la nyota.
Waliozigundua walizidharau, wakaziita gundi,
kama walivyokuita wewe *we, hamali!*
bila kutaka jina.
Kwenye ngozi ya seli hizo kuna protini:
zinapokea mzigo, zinageukia ndani, zinatua,
zinarudi mikono mitupu.
Nazo hazina majina, ila herufi na namba.

Kama beji, akasema baba.

Kama beji.

Zako zimepungua.
Shehena inalundikana,
*inuka* inasemwa, inasemwa, inasemwa,
mpaka neva inayosikia inaungua.
Nani aliyewafukuza mahamali hao, sijui.
Hata waliosoma kunishinda bado wanabishana:
waliondoka wao, ndipo maradhi yakaingia,
au yaliingia maradhi, wao wakakimbia.

Akanyamaza kitambo.
Na hao, akauliza, hulipwa nini?

Chumvi, baba.
Kila chembe moja ya glutamati
huingia na chembe tatu za sodiamu.
Bila msukumo wake hakuna anayenyanyua kitu.

Akacheka hadi akapaliwa,
nikamwinamisha, nikampigapiga mgongo.
Chumvi! Basi hata huko!

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia neno moja tu.
Kesho yake vidonge vya mchuzi vyote,
pakiti nzima ya dukani, vikawa jaani.
Nikamwambia: mama, siyo hiyo,
hiyo ya chunguni haivuki mlango wa ubongo.
Akaniangalia, mwiko mkononi.
Basi niambie nitupe nini.

Dawa inatoka Dar, ghali,
inapunguza shehena kidogo.
Inaongeza miezi. Nilisema *miezi* taratibu
ili mtu asisikie *miaka*.

Sasa uji anaumeza kwa hesabu.
Jioni nampeleka kuoga:
mkono chini ya kwapa, mwingine chini ya mapaja,
na kila siku nakosea.
Magoti, ananiambia,
ulimi wake unaburuta herufi moja moja.
Magoti, Raya. Siyo mgongo.
Nakunja magoti. Nanyanyua.
Ni mwepesi kuliko gunia lolote alilowahi kubeba,
na mimi natweta.

Kidonge cha saa mbili nimekisahau mezani.